Kalamu za wino za Lamy: bei kubwa hainunui nibu bora

"Studio ni ghali kuliko Safari, kwa hiyo inaandika vizuri zaidi."

Haiandiki vizuri zaidi. Safari na Studio ni aina mbili za kalamu za Lamy, na kati ya dhana zote zinazozunguka kalamu za kampuni hii ya Heidelberg, Ujerumani, hii ndiyo inayowapotezea watu fedha nyingi, na kila mara inasemwa kwa uhakika uleule. Nibu, yaani kipande cha mbele kinachoandika, ya chuma cha pua iliyo kwenye Safari ya plastiki ndiyo iliyo kwenye Vista, kwenye AL-star na kwenye Studio. Kinachobadilika ni rangi: moja imeachwa ing'ae, nyingine imepakwa nyeusi, na weusi huo hauongezi wala haupunguzi chochote kwenye karatasi. Ichomoe nibu ya Safari, ivishe Studio. Itaingia bila kulazimishwa na itatoa mstari uleule. Aion, iliyochorwa na Jasper Morrison na kutoka mwaka 2017, ilikuja na nibu ya umbo tofauti kidogo, lakini nayo hubadilishana na hizo nyingine.

Fedha ya ziada inakwenda kwenye bodi, yaani mwili wa kalamu. Safari, kazi ya Wolfgang Fabian iliyotoka mwaka 1980 ikiwalenga wanafunzi, ni plastiki ngumu na nyepesi, gramu 17 hivi. AL-star ni umbo hilohilo kwa alumini, na Vista ni Safari inayoonyesha ndani. Studio, ya Hannes Wettstein, ni ya chuma, ina kishikizo cha mfukoni kilichosokotwa kama rafadha, na ni nzito kuliko Safari kwa kiasi ambacho mkono unakisikia mara moja. Anayependa uzito, mng'ao na kalamu inayopendeza mezani ana sababu halali ya kulipa zaidi. Ila alipie hivyo, asidhani amelipia mwandiko.

Mbona basi watu wanaapa kwamba Studio inateleza zaidi? Kwanza, uzito. Kalamu nzito hushuka yenyewe kwenye karatasi, mkono unaacha kukandamiza, na nibu yoyote isiyokandamizwa huteleza. Shika Safari kwa ulegevu uleule, utapata matokeo hayohayo. Pili, wanalinganisha Safari yenye nibu EF na Studio yenye M (herufi hizi ni unene wa mstari: EF nyembamba sana, F nyembamba, M ya kati, B nene). Nibu nyembamba hugusa nyuzi za karatasi kwa eneo dogo, kwa hiyo husikika kama inakwaruza hata ikiwa nzima kabisa. Tatu, nibu zenyewe hazitoki kiwandani zikilingana kwa usahihi wa nywele. Nibu mbili za F zinaweza kutofautiana kidogo kwa upana na kwa ukarimu wa wino, na nibu nzuri zaidi inaweza kabisa kuangukia kwenye kalamu ya bei ya chini.

Swali la kuanzia ni sehemu ya kushikia, na hapa ndipo Lamy zinapotofautiana kwa namna inayoathiri uandishi kweli. Safari, AL-star na Vista zina shikio la pembe tatu lenye mabapa mawili, moja la kidole gumba na moja la kidole cha shahada. Ukishika kalamu kwa vidole vitatu jinsi shuleni wanavyofundisha, mabapa hayo yanaiweka nibu sawasawa na karatasi bila wewe kufikiri. Lakini mtu anayepitisha gumba juu ya kidole cha shahada, au anayezoea kuigeuza kalamu kidogo pembeni, atapigana na mabapa kila neno. Nibu itainama upande, jino moja kati ya mawili yanayotenganishwa na mpasuo wa nibu litagusa karatasi kabla ya lenzake, wino utakatika, kisha lawama itaenda kwa nibu. Mtu huyo anahitaji shikio la mviringo, na Studio inalo. Hiyo ndiyo sababu ya maana ya kuchagua Studio badala ya Safari. Angalizo: matoleo mengi ya Studio yana shikio la chuma kilichong'arishwa, na vidole vyenye jasho huteleza juu yake. Iandikie ukurasa mzima kabla ya kuamua, kwani kuweka sahihi moja tu hakutakuonyesha tatizo hilo.

Ukiwa na kalamu mkononi, ipime hivi. Iangalie nibu kutoka mbele kwa kioo cha kukuzia: meno mawili yawe kwenye usawa mmoja, lisipande moja likaliacha lingine. Iangalie kutoka juu: mpasuo uwe umenyooka na katikati. Kisha ichovye kwenye wino na uandike mfululizo wa namba 8 zilizolala, bila kukandamiza. Ikikwaruza ukielekea upande mmoja tu, meno hayako sawa. Ikikataa kuanza kila unapoinua mkono lakini ikaandika vizuri ikishaanza, kichembe kigumu cha nchani kinachogusa karatasi kimesuguliwa kupita kiasi kuelekea mpasuo. Katika hali zote mbili omba nibu nyingine. Huhitaji kalamu nyingine, wala ya bei ya juu zaidi.

Kubadilisha nibu ni kazi ya dakika moja, na ndiyo faida kubwa kuliko zote ya kalamu hizi. Maliza au mwaga wino, suuza, kausha. Kata selotepu kama sentimita 5, ibandike juu ya nibu na uikandamize ishike vizuri. Weka kidole chini, kwenye ule ulimi mweusi wa plastiki unaoleta wino, ili usitoke pamoja na nibu. Vuta selotepu mbele, moja kwa moja, kwa nguvu inayoongezeka polepole. Usipindue wala kuinua. Anayeinua ndiye anayepinda meno. Nibu mpya isukume juu ya ulimi kwa kuishika mabegani, kingo zake zikipita kwenye vijia vya pembeni, hadi igome. Isipofika mwisho itaacha nafasi kati yake na ulimi, na wino utakuwa unakatika baada ya mistari michache.

Ushauri wangu kwa mnunuzi wa kwanza haujabadilika: Safari kama mshiko wako ni wa kawaida, nibu ya F, na nibu ya M ya akiba. Nibu peke yake ni sehemu ndogo ya bei ya kalamu, na kwa mbili hizo utajua unachokipenda kabla hujalipia chuma.

"Nibu ya dhahabu inateleza kuliko ya chuma."

Dhahabu haigusi karatasi, na chuma pia hakigusi. Kinachogusa ni kichembe cha aloi ngumu kilichochomelewa kwenye ncha, na ulaini unategemea jinsi kilivyosuguliwa na meno yalivyolingana. Dhahabu ya karati 14 inaleta mambo mawili: haishikwi na kutu kwa wino wenye asidi, na hunepa kidogo unapoandika. Hunepa kidogo tu. Anayetarajia mstari unaonenepa na kukonda kwa kukandamiza ataiharibu nibu yake, kwa sababu Lamy hazikutengenezwa kwa mwandiko huo. Kama unaitaka dhahabu, kuna nibu ya karati 14 inayovaa mahali palepale pa nibu ya chuma, hata kwenye Safari.

"Lamy 2000 ni Safari ya watu wazima."

Hizi ni kalamu mbili tofauti kabisa, na 2000 ndiyo iliyotangulia: ilitoka mwaka 1966, mchoro wa Gerd A. Müller. Bodi yake ni Makrolon, aina ya plastiki ngumu, iliyoimarishwa kwa nyuzi za kioo, inajazwa kwa pistoni ya ndani inayovuta wino na haitumii katriji (kichupa cha wino kinachobadilishwa), na nibu yake ya dhahabu ya karati 14 iliyopakwa platinamu imefunikwa karibu yote, ikiacha ncha tu. Selotepu haifanyi kazi hapa. Usijaribu.

Nibu hii ina tabia yake. Eneo la ncha linaloandika vizuri ni dogo, na ukiizungusha kalamu digrii chache tu pembeni inaanza kuruka. Pia humwaga wino kwa wingi, kwa hiyo F yake hutoa mstari mnene kuliko wengi wanavyotarajia. Shikio lake halina bapa wala alama ya kuonyesha nibu imeelekea wapi. Macho yako ndiyo yatakayokuelekeza mpaka vidole vizoee. Mwenye mshiko usiotulia na aiache, hata kama fedha anayo.

Ukifungua sehemu ya mbele kuiosha, kumbuka kuna pete ndogo ya chuma yenye masikio mawili, ambayo ndiyo hukamata kifuniko. Inachomoka kirahisi na kuteremka na maji. Ziba tundu la sinki kwanza.

"F ni F, ya kampuni yoyote."

Hakuna kipimo kimoja kinachozifunga kampuni zote. F ya Lamy huandika karibu na M ya Kijapani, hivyo anayehama kutoka kalamu ya Kijapani ya F aanze na EF. Wino wa majimaji na karatasi inayofyonza huongeza unene zaidi. Peleka karatasi yako unapokwenda kujaribu kalamu. Karatasi ya dukani huwa imechaguliwa kuipendezesha kalamu.

"1.5 ni B iliyonenepa."

Hapana. Namba 1.1, 1.5 na 1.9 ni upana kwa milimita wa ncha bapa: mstari wa kushuka unakuwa mnene, wa kulala unakuwa mwembamba. Ni nibu za mwandiko wa mapambo. Zinataka herufi kubwa na pembe moja isiyobadilika, na kwenye fomu yenye visanduku vidogo zitakuaibisha. Unataka sahihi nene? Chukua B.

"Mashoto lazima anunue LH, nibu ya mkono wa kushoto."

Tatizo kubwa la mashoto ni kiganja kupita juu ya wino mbichi, na hilo nibu hailitatui. Linatatuliwa na wino unaokauka haraka, nibu nyembamba na karatasi inayofyonza kiasi. Mashoto anayeweka mkono chini ya mstari anaweza kutumia nibu yoyote. LH imezungushwa ncha ili isichome karatasi inaposukumwa badala ya kuvutwa. Inamfaa anayesukuma na kusikia mkwaruzo. Kwa wengine ni nibu ya kawaida yenye mstari wa kati.

"Katriji ni katriji."

Lamy hutumia katriji yake, T10. Ile fupi inayoitwa ya kimataifa haishiki, na ukiilazimisha utaharibu mrija unaoitoboa. Konveta, vifaa vya kuvutia wino wa chupa badala ya katriji, nazo ni mbili. Z28 ina vinundu viwili pembeni vinavyokaa kwenye mifereji ya Safari, AL-star na Vista. Z27 haina vinundu, nayo ni ya Studio na wenzake. Angalia vinundu kabla ya kulipa.

Wengi hudhani Safari mpya ni mbovu kwa sababu haitoi wino. Kati ya shikio na bodi kuna pete ya karatasi ngumu inayozuia katriji isitobolewe safarini. Fungua, itoe pete, itupe, kaza bodi mpaka usikie katriji imetoboka, kisha iache kalamu nibu ikiangalia chini kwa dakika chache.

Kwa konveta, zamisha nibu yote hadi mdomo wa shikio, vuta wino, rudisha matone mawili au matatu kwenye chupa, halafu geuza nibu juu na uvute hewa kidogo. Hatua hiyo ya mwisho ndiyo inayozuia kalamu kudondosha wino unapofungua kifuniko. Jua pia kwamba katriji hubeba wino mwingi kuliko konveta. Anayeandika kurasa nyingi kwa siku na kununua konveta akidhani amepata tangi kubwa ameelewa kinyume.

"Wino mweusi wa kuchorea ni imara zaidi, hautafutika."

Hautafutika hata ndani ya kalamu. Wino wa wachoraji wenye gundi ya shelaki ukikauka kwenye vijia vya ulimi hautoki kwa maji. Tumia wino ulioandikwa kuwa ni wa kalamu za wino, na osha kila unapobadilisha rangi: maji ya uvuguvugu, vuta na kusukuma kwa konveta mpaka yatoke meupe, kisha isimamishe nibu chini juu ya kitambaa usiku kucha. Maji ya moto yanaweza kupinda ulimi, na spiriti huharibu plastiki.

"Usimwazime mtu kalamu, nibu imeshazoea mkono wako."

Kichembe cha nchani ni kigumu sana, na kusuguliwa kwake na karatasi mpaka kibadilike umbo huchukua miaka mingi ya kuandika. Sababu ya kutoazima ni nyingine: aliyezoea biro hukandamiza, na meno yakitanuka mara moja hayarudi yenyewe. Kwenye Safari, hasara ni bei ya nibu moja na selotepu. Kwenye 2000, ni kuituma kwa fundi.