Urefu wa stalaktiti si saa ya kuhesabia miaka

Wageni wengi wa mapango ya chokaa huambiwa kwamba stalaktiti, yaani mawe yanayoning'inia darini, hukua kwa kipimo kimoja kila karne, hivyo ukipima urefu unapata umri. Hesabu hiyo ni rahisi na inapendeza, lakini si sahihi.

Katika pango la Crystal Cave huko Bermuda, visiwa vya Bahari ya Atlantiki, mgeni hupita kwenye daraja linaloelea juu ya maji maangavu ya chumvi. Akiinua macho huona vijirija vyembamba vya mawe, vitupu ndani, na kwenye ncha tone moja linalosubiri kudondoka. Tone hilo limetoka udongoni likiwa na kaboni dioksidi, likayeyusha chokaa njiani. Linapofika kwenye hewa ya pango hupoteza gesi hiyo na kuacha utando mwembamba mno wa madini. Kasi ya kazi hii hutegemea mvua, joto, mimea iliyo juu na upenyo wa hewa, na tone likikauka, jiwe husimama kukua.

Akitazama chini ataona ushahidi ulio wazi zaidi, kwani stalaktiti zimo hata ndani ya maji, mahali ambapo haziwezi kuumbika. Zilikua enzi ya barafu, bahari ilipokuwa chini kwa zaidi ya mita 100, kisha maji yakapanda na kuzifunika, na tangu hapo hazijarefuka. Rula ingesema nini juu ya maelfu hayo ya miaka? Ili kujua umri, wataalamu hupima urani na thoriamu, yaani elementi za mionzi ambapo ya kwanza hugeuka polepole kuwa ya pili, zilizomo ndani ya jiwe lenyewe.