Zapfino si ya herufi kubwa tupu

Hii ni kadi ya nne mwezi huu. Majina ya bwana na bibi harusi yamewekwa kwa Zapfino, fonti ya mtindo wa mwandiko wa mkono, herufi kubwa tupu, na ujumbe wa WhatsApp juu yake: "Kaka, weka kubwa zote, zitaonekana zaidi." Hazitaonekana zaidi. Wageni watakaa na kadi mkononi wakibuni majina.

Fonti hii inatokana na mwandiko wa Mjerumani Hermann Zapf, katika daftari lake la mwaka 1944. Alijaribu kuugeuza kuwa herufi za kuchapia za madini ya risasi mwaka 1948, lakini madini yalimbana: mkia wa herufi moja haukuweza kupita juu ya kipande cha jirani. Kampuni ya fonti ya Linotype iliitoa kwa kompyuta mwaka 1998, ikiwa na alfabeti nne, ili herufi ileile ipate maumbo tofauti kama mkono wa mtu unavyobadilika.

Sasa angalia herufi kubwa zake. Zina mikono mirefu inayonyooka pembeni na kushuka chini ya mstari, kwa sababu mchoraji alijua kinachofuata ni herufi ndogo, fupi na tulivu. Herufi ndogo ndizo zinazoipa ile kubwa uwanja. Ukipanga kubwa saba mfululizo, mikono inagongana, na jicho halijui mstari upi ni wa herufi ipi. Halafu mtu anaona msongamano, anaongeza nafasi kati ya herufi! Kwa fonti za kuunganika kama Snell Roundhand hilo ni kosa baya zaidi, maana kila herufi ndogo huishia kwa mstari mwembamba unaoshikana na inayofuata. Ukizitenganisha kidogo tu, neno limekatika vipande.

Nafasi kati ya mstari na mstari iongeze, basi. Hilo halihitaji maelezo.

Kinachonisumbua ni Kiswahili chenyewe. Maneno yetu karibu yote huishia kwa irabu, kwa hiyo ukiwasha kwenye programu mikia ya mapambo ya mwisho wa neno, kila "a" ya mwisho kwenye kadi inapunga mkono. "Mwenyezi Mungu" tayari ina y na g zinazoshuka. Hapo hata mkia mmoja wa ziada ni mwingi. Mpaka leo sijaamua kama niiache programu ichague maumbo au nichague mwenyewe. Mara nyingi mkia niliouweka usiku nikiupenda, asubuhi naufuta.

Majina mawili yatoshe kwa Zapfino. Ukumbi, saa na namba ya mchango viandikwe kwa fonti ya kawaida. Na kama lazima ziwe herufi kubwa, kuna fonti ya Trajan ya mchoraji Carol Twombly, ya mwaka 1989, iliyotokana na maandishi ya mawe kwenye Nguzo ya Trajan mjini Roma. Hiyo ilichorwa kwa herufi kubwa tangu mwanzo, na ukiipa nafasi kidogo kati ya herufi, inapumua.