Je, wajua kwa nini ngoma ya muheme ni ya wanawake, lakini zeze halikuwa lao?

Mwezi Juni 2024 kampuni ya Real World Records ya Uingereza ilitoa albamu iitwayo Maisha, kazi ya wanawake wawili wa ukoo wa Zawose, Pendo na Leah, wanaojulikana jukwaani kwa jina la The Zawose Queens. Pendo ni binti wa marehemu Hukwe Zawose, gwiji wa muziki wa Kigogo, yaani wa Wagogo wa Dodoma, katikati ya Tanzania, na Leah ni mjukuu wake. Albamu hiyo imesifiwa kwa kuwa ni sauti ya wanawake waliokaa miaka mingi katika mstari wa nyuma, wakiitikia na kucheza huku wanaume wakiongoza. Sifa hizo ni za haki. Hata hivyo, mtu wa Dodoma aliyewahi kuwaona akina mama wakipiga muheme kule Chamwino ana haki ya kuuliza: ikiwa wanawake wa Kigogo wamekuwa wapigaji ngoma tangu enzi za mababu, mstari huo wa nyuma ulitoka wapi?

Tuanze na ngoma yenyewe. Ngoma ya muheme huchongwa kwa gogo la mti na kuwambwa ngozi, nayo ni nyembamba kiunoni. Mpigaji husimama, akaibana kati ya mapaja, akainama kidogo na kuipiga kwa viganja vyote viwili. Kwa kuwa ngoma imeshikwa kwa miguu, mwili wote huingia katika mdundo. Nyonga zikisogea, ngoma nayo inasogea, na wakati huohuo mama huyo anaimba. Hupigwa kadhaa kwa pamoja, za ukubwa tofauti, na midundo yao husukana hata msikilizaji akashindwa kujua upi umetoka kwa nani.

Muheme umekuwa wa wanawake kwa sababu umefungamana na shughuli za kuwatoa vijana utotoni. Mambo ya wasichana husimamiwa na wanawake, na mwanamume hana nafasi humo, hivyo anayefundisha, anayeimba na anayepiga ngoma ni mwanamke. Tena wanawake walikuwa na kazi nyingine nzito, ya kuukabili ukame. Ugogo hupata mvua ya milimita 500 hadi 600 hivi kwa mwaka, karibu yote kati ya Desemba na Aprili, na mvua ikikosekana au ng'ombe wakiugua, ni uhai wa kaya nzima unaotikisika. Mwanaanthropolojia Peter Rigby, aliyeishi na Wagogo mwanzoni mwa miaka ya 1960, aliandika kwamba katika hali kama hiyo wanawake walivaa mavazi ya wanaume, wakashika silaha na fimbo zao, wakachunga ng'ombe, kisha wakacheza kuelekea magharibi ili kuutupa mkosi nje ya mipaka ya nchi yao. Mambo yalikuwa yamepinduka, nao wakayapindua tena ili yarudi yalivyokuwa. Jamii iliyowakabidhi wanawake kazi nzito namna hiyo haiwezi kusemwa kwamba iliwaona dhaifu.

Zeze na ilimba ni habari nyingine. Zeze ni chombo cha nyuzi kinachopigwa kwa upinde. Ilimba ni sanduku la mbao lenye vibao vya chuma vinavyopigwa kwa vidole, navyo vinaweza kufika makumi kadhaa, na tundu lake huzibwa kwa utando wa kifuko cha mayai ya buibui, ambao ndio unaotoa ule mvumo wa kutetemeka juu ya kila sauti. Kwa desturi vyombo hivi vilikuwa vya wanaume. Anayevishika ndiye anayeanzisha wimbo, na mara nyingi ndiye anayeutunga.

Hapo ndipo ninapoona chanzo cha mstari wa nyuma. Mwalimu Nyerere alimwita Hukwe Zawose Dar es Salaam katika miaka ya 1960, na baadaye fundi huyo akafundisha katika Chuo cha Sanaa Bagamoyo na kuzunguka dunia hadi alipofariki mwaka 2003. Muziki wa Kigogo ulifika mbali kwa mikono yake, na taifa lina deni kwake. Lakini uliondoka Ugogo ukiongozwa na zeze na ilimba, si na muheme. Kijijini wanawake walikuwa na shughuli yao wenyewe, na hakuna aliyewatangulia humo. Jukwaani shughuli hiyo haikuwepo, kwa hiyo waligeuka waitikiaji katika shughuli ya wengine. Jina, safari na malipo vikamfuata mwenye chombo.

Kwa sababu hiyo, uzito wa Maisha hauko katika maneno ya kuhimiza ujasiri peke yake. Pendo na Leah wanatunga, wanaongoza uimbaji, wanapiga ngoma na pia wanashika zeze na ilimba. Watayarishaji wao, Oli Barton-Wood na Tom Excell, wameongeza besi na vionjo vya kielektroniki, lakini, jambo ninalolishukuru sana, sauti za akina mama hao hazikufunikwa.

Kazi iliyobaki iko huku Dodoma. Chamwino huwa na tamasha la muziki wa Kigogo ambapo vikundi vya vijijini hukutana, na wasichana wa muheme hawakosekani. Mafundi wa zeze na ilimba wanaokaa nao uwanjani hapo wakubali kuwafundisha wasichana hao kama wanavyowafundisha watoto wao wa kiume, tena mapema, vidole vikiwa bado vyepesi.