Usikimbilie kusuluhisha

Kila ninapoanza mafunzo nauliza swali moja kabla hata ya watu kujitambulisha. Ni saa tatu usiku, jirani yako anagonga mlango. Kanga kaifunga kifuani, mtoto mgongoni, mdomo umevimba. Utamwambia nini? Sitaki maelezo. Nataka maneno yenyewe, kama yatakavyotoka mdomoni.

Kwenye kundi moja huku Masasi, kusini mwa Tanzania, aliyetangulia kujibu alikuwa mjumbe wa shina, mzee wa makamo aliyekuja na kofia yake ya kiua. Akajibu bila kufikiri: "Kwani umemfanya nini mwenzio?" Darasa zima likacheka, halafu kicheko kikakatika chenyewe, kwa sababu kila aliyekaa pale alijua na yeye angesema hivyohivyo. Yule mzee si mtu mbaya. Ndiye anayegongewa mlango kuliko wote kitongojini kwake, na amekuwa akiamka miaka yote hiyo. Ila sentensi yake ya kwanza inamrudisha mwanamke nyumbani kabla hajakaa kwenye kiti.

Mimi ni afisa ustawi wa jamii. Kazi yangu kubwa kwa sasa ni kuwafundisha watu ambao habari ya ukatili wa nyumbani huwafikia kabla haijafika polisi: wahudumu wa afya ngazi ya jamii, wasaidizi wa kisheria, wajumbe, wenyeviti wa vitongoji, makungwi. Miaka ya mwanzo nilifundisha kama nilivyofundishwa. Siku ya kwanza aina za ukatili, siku ya pili sheria, siku ya tatu namba za simu, picha ya pamoja na posho. Washiriki walitoka wakikariri kimwili, kingono, kisaikolojia, kiuchumi bila kukosea. Mlango ulipogongwa, walisema "kwani umemfanya nini".

Na mimi nilifanya kosa ambalo leo nawakataza wenzangu. Nikiwa bado mgeni kazini niliwaita mume na mke ofisini, nikawakalisha kwenye benchi moja, nikamwambia mama aeleze. Akaeleza kidogo, huku macho yake yakiwa kwenye viatu vya mumewe. Mume akaomba msamaha vizuri sana, nikaandika makubaliano, wakasaini, nikagonga muhuri. Nilirudi nyumbani nikijiona nimeokoa ndoa. Wiki mbili baadaye nilimkuta yule mama wodini. Aliniambia kwamba kipigo kilianza siku ileile, njiani kutoka ofisini kwangu, kwa sababu ya yale aliyoyasema mbele yangu.

Tangu siku hiyo sikalishi watu benchi moja. Suluhu inahitaji watu wawili wanaoweza kusema "hapana" bila kuogopa. Pale mmoja anapomwogopa mwenzake, msuluhishi anakuwa shahidi wa vitisho tu, na karatasi yake inageuka silaha: "Si ulisaini mwenyewe?"

Hapa huwa nabishiwa, hasa na watendaji wa vijiji, kwamba sheria yenyewe inataka usuluhishi. Wanachanganya mambo mawili. Kifungu cha 101 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinataka shauri la talaka lipitie kwanza Baraza la Usuluhishi wa Ndoa kabla ya kwenda mahakamani, isipokuwa kwa sababu maalumu zilizotajwa. Hilo ni la talaka. Kipigo ni jinai, na jinai haina benchi la kupatanishwa kwa mwenyekiti wa kitongoji. Tena sheria hiyohiyo, kifungu cha 66, inasema hakuna mtu mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kipigo, hata kama mila inaruhusu. Nikikisoma kifungu hicho darasani, daima kuna mtu anauliza kimepitishwa lini. Nikisema 1971 wanadhani natania.

Turudi mlangoni. Ninachofundisha sasa kinachukua karibu siku nzima, nacho ni dakika kumi za mwanzo. Tunafanya igizo, mmoja anagonga, mwingine anafungua, mimi nahesabu maswali. Anayefungua akiuliza zaidi ya matatu namsimamisha. Neno la kwanza ni "Pole, karibu ndani." La pili: "Kwa sasa uko salama? Yuko wapi?" Kisha unanyamaza. Kunyamaza ndiko kunakowashinda wengi. Mzee wetu wa kofia alivumilia kama sekunde sita, akarukia: "Lakini mwanangu, ndoa ni uvumilivu." Tukarudia igizo mara tano. Mara ya tano alifungua mlango, akasema pole, akavuta kigoda, akaenda kumletea maji. Hakusema kitu kingine chochote. Dada aliyeigiza mke akaanza kulia, na haikuwa sehemu ya igizo.

Baada ya maji ndipo inakuja sentensi ninayotaka kila mmoja aondoke nayo: "Umefanya vizuri kuja. Hakuna kosa linalostahili kipigo." Halafu unamuuliza yeye anataka nini. Wengi hawataki polisi usiku ule. Wanataka kulala, au mtoto alale. Mhudumu anayemburuta mtu Dawati la Jinsia na Watoto la polisi bila ridhaa yake hatamwona tena, na safari ijayo mlango hautagongwa. Tofauti ipo kwa mtoto aliyeumizwa, na pale uhai ulipo hatarini. Hapo hakuna kusubiri, na kwa mtoto ipo namba 116 isiyo na gharama.

Uhai uko hatarini lini? Naomba nikae hapa kidogo. Wahudumu wengi hupima hatari kwa damu. Akivuja damu ni kubwa, asipovuja ni "wamegombana tu". Mimi swali langu la lazima ni: "Amewahi kukukaba koo?" Watu wa huku husema "alinipiga kabali", na wanalisema kama jambo dogo, kwa sababu kabali mara nyingi haiachi alama. Lakini utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2008 ulionyesha kwamba mwanamke aliyewahi kukabwa na mwenzi wake ana hatari ya zaidi ya mara saba ya kuja kuuawa naye. Basi sikiliza sauti, kama imekwaruza. Muulize kama anameza kwa shida. Mulika macho kwa tochi ya simu, uangalie vidoa vidogo vyekundu kwenye weupe wa jicho au ndani ya kope. Muulize kwa upole kama alijikojolea, maana hilo hatalisema mwenyewe. Ukipata hata moja kati ya hayo, aende hospitali usiku huohuo, hata kama anasema yuko sawa, kwa sababu shingo inaweza kuvimba kwa ndani saa kadhaa baadaye. Huduma ya dharura haisubiri PF3, ile fomu ya polisi. Na kama kulikuwa na kulazimishwa kingono, dawa za kinga dhidi ya VVU zinatakiwa zianze ndani ya saa 72, awe mume au asiwe mume.

Dalili nyingine ninazowakaririsha: ametishia kuua, panga limewahi kushikwa, mke ni mjamzito, mke ameanza kuhama au ametamka kuhama. Hiyo ya mwisho inawashangaza, kwa kuwa ushauri wa kwanza wa majirani huwa "si aondoke tu". Kuondoka ndiyo saa ya hatari kuliko zote, kwa hiyo kunapangwa. Kitambulisho, kadi ya kliniki ya mtoto, nauli na nguo moja vinakaa nje ya nyumba, na si kwa mama yake mzazi, maana huko ndiko atakakotafutwa kwanza. Mama mmoja alivificha kwa jirani ndani ya ndoo ya unga. Namba ya mhudumu ilikuwa kwenye simu yake kwa jina la Mama Mboga.

Yote hayo ni baada ya mkono kuinuliwa. Uingiliaji wa mapema kwa maana yake halisi unaanza kabla, na hapo mhudumu wa afya wa jamii ana nafasi kuliko mimi. Anaingia nyumbani kwa sababu ya ujauzito au mtoto mchanga, hakuna anayemuuliza amefuata nini. Anaona simu ya mke inakaguliwa, mke amekatazwa kwenda kwenye kikoba, ndugu zake hawaji tena, hela ya chumvi inatolewa kwa kuhesabiwa. Swali lake ni moja, tena wakiwa peke yao: "Kuna wakati unamwogopa?" Nililipata baada ya kuuliza "unanyanyaswa?" kwa miaka na kujibiwa hapana na wanawake wenye makovu. Katika hatua hii, mke akiridhia, mjomba wake au mshenga anaweza kuzungumza na mume. Huku Kusini mjomba bado ana sauti. Akishapigwa kabali, mjomba hatoshi.

Zamani nilidhani nikiwajaza wanawake darasani nusu ya kazi imekwisha. Utafiti wa kitaifa wa idadi ya watu na afya wa 2015–16 ulinisahihisha: asilimia 58 ya wanawake walikubali kwamba kuna sababu zinazomhalalishia mume kumpiga mkewe, wakati wanaume waliokubali walikuwa asilimia 40. Baadhi ya washiriki wangu wagumu kabisa ni makungwi, na wakishageuka hakuna anayewafikia, kwa sababu wao ndio waliomfundisha bi harusi kunyamaza.

Siku tatu hazitoshi. Kampala, mbinu ya SASA! ya kuzuia ukatili ilifanya kazi na watu wa mitaa hiyohiyo kwa miaka kadhaa, na tathmini yake, ingawa ilihusu mitaa minane tu, ilikadiria kuwa wanawake waliopigwa na wenzi wao ndani ya mwaka mmoja walikuwa pungufu kwa asilimia 52 kuliko kwenye mitaa ambako mbinu hiyo haikuwa imeanza. Rwanda, mradi wa Indashyikirwa ulipunguza ukatili kwa wanandoa waliopitia mafunzo ya vikao vingi, lakini kwa jamii nzima iliyofikiwa na wahamasishaji mabadiliko hayakuonekana. Mimi naisoma hivi: mtu hubadilika kwa kurudiwarudiwa. Ndiyo maana sasa naomba fedha za kukutana nusu siku kila mwezi, hata kama chai itapungua.

Katika vikao hivyo vya mwezi nakagua madaftari. Niliwahi kumkuta mhudumu ameandika majina kamili, kitongoji na "anapigwa na mumewe", daftari liko kwenye kapu la baiskeli. Sasa tunatumia namba. Nakagua pia nyuso. Kwenye kila kundi yupo anayepigwa kwake, na naamini yupo anayepiga. Mtu akitoka nje katikati ya igizo simfuati kwa maswali. Kuna mwenzangu amekaa chini ya mwembe kwa kazi hiyo tu.

Neno moja kwa wafadhili wa mafunzo haya huku Mtwara na Lindi: msituletee fedha Novemba. Minada ya korosho huanza Oktoba, malipo yanaingia kwenye akaunti, nyingi za waume, na hapo ndipo milango inapoanza kugongwa: nani alipalilia, nani alipulizia dawa, hela imekwenda kwa nani. Mwaka huu tulimaliza kufundisha mwanzoni mwa Septemba. Yule mzee wa kofia amenipigia mara mbili tangu mnada wa kwanza. Mara ya pili ilikuwa saa tano usiku, na alikuwa ananong'ona. "Mwalimu, nimeshampa maji. Sauti imekwaruza. Bodaboda iko nje, twende hospitali ya wapi?"