Je, wajua tajiri wa Kichettiar alimwaminije wakala aliye ng'ambo ya bahari?

Wachettiar wa Chettinad, au Wanagarathar kama wanavyojiita, ni wafanyabiashara wa Kitamil kutoka nchi kame ya Sivaganga na Pudukkottai, kusini mwa India. Walianza na chumvi. Kufikia 1930 walikuwa na ofisi zaidi ya 1,600 za kukopesha fedha huko Burma, Myanmar ya leo (Burma ile ile walikopelekwa askari wa KAR, jeshi la kikoloni la Afrika Mashariki, mwaka 1944), ilhali tajiri mwenyewe mara nyingi alikaa kijijini kwake. Sefu ilishikwa na wakala.

Wakala aliajiriwa kwa miaka mitatu, akipewa hati ya kutia saini kwa niaba ya tajiri. Sehemu ya mshahara alilipwa kabla ya kupanda meli. Muda ukiisha alipata mgao wa faida, kwa kawaida asilimia 10. Mkewe na watoto walibaki nyumbani. Lakini dhamana kubwa haikuwa kwenye karatasi. Wakala naye kwa kawaida alikuwa Mchettiar, wa mojawapo ya mahekalu tisa ya koo zao, na ndoa yake iliandikwa kwenye daftari la hekalu. Akiiba, anajiharibia jina kwa watu wale wale atakaowaomba kazi na atakaowaposea wanawe.

Kazi ilifundishwa tangu utotoni. Kijana alikariri sehemu za hesabu za Kitamil hadi mundiri, yaani 1/320, apate kukokotoa riba kichwani. Na wakala hakuachwa peke yake: mjini Rangoon, Burma, wakopeshaji wakubwa walikutana kila mwezi katika hekalu lao la Mogul Street kupanga riba ya kukopeshana wao kwa wao. Ofisi iliyopungukiwa ilikopa kwa jirani, na fedha za mbali zilihamishwa kwa hundi, neno ambalo nasi tunalo.

Ufa ulikuwa kwenye rehani. Uingereza ilitwaa Burma ya Chini mwaka 1852, na Mfereji wa Suez ulipofunguliwa 1869, mchele wake ukapata soko Ulaya. Delta ya mto Irrawaddy ikafyekwa kwa mikopo. Mkulima alihitaji maksai, mbegu na ujira wa vibarua kabla hajavuna hata gunia moja, na benki za Kizungu hazikumjali. Mchettiar alimkopesha, shamba likawa dhamana.

Kuanzia 1930 bei ya mchele ikaporomoka. Madeni hayakulipika, na katika wilaya 13 kuu za mpunga sehemu ya ardhi iliyoshikwa na Wachettiar ikapanda kutoka asilimia 6 mwaka 1930 hadi 25 mwaka 1938. Wao walitaka fedha irudi, si matope. Mkulima naye alipoteza konde alilolifyeka kwa mikono yake, na hasira yake ilikuwa ya haki. Wajapani walipovamia mwaka 1942, Wachettiar wengi wakakimbilia India. Wakala angeweza kubeba daftari la madeni. Shamba halibebeki, na mwaka 1948 Burma huru ikatunga sheria ya kuitaifisha ardhi hiyo.