Mwambieni ukweli kabla hajatoka

Aliyefungwa kwa kosa asilolitenda hupanga maisha ya nje kila siku anaposubiri rufaa. Atarudi Hombolo kwenye zabibu zake, atamsomesha kitinda mimba, atapandisha ukuta pale alipoachia msingi. Sisi maafisa ustawi wa jamii tunaofika kwa wafungwa, wakiwemo wa Gereza Kuu la Isanga hapa Dodoma, tunaisikia mipango hiyo na tunaitakia heri. Ila nyingi inahusu dunia ya siku aliyokamatwa.

Aliyeingia mwaka 2014 aliiacha Dodoma ikiwa manispaa na viwanja vikiwa mikononi mwa CDA, Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu. Mwaka 2016 Serikali ikatangaza kuhamia, 2017 CDA ikavunjwa, 2018 likawa Jiji. Mashamba mengi ya pembezoni sasa ni viwanja vyenye majirani wapya, na treni ya umeme inafika kutoka Dar es Salaam.

Hayo ya mji atayazoea. Yanayomvunja ni ya nyumbani: mama amefariki, mke ameolewa kwingine, shamba limeuzwa na kaka. Familia humficha kwa huruma, zikisema ataambiwa akitoka. Nawasihi msifanye hivyo. Mwambieni angali ndani, jambo moja kwa kila ziara, kupitia ndugu anayemwamini, na mjulisheni ofisa wa gereza ili siku hiyo asiachwe peke yake. Akiyapokea yote ndani ya wiki yake ya kwanza ya uhuru, ule mpango uliomweka hai miaka yote huanguka kwa mkupuo, na hana mwingine.

Kuhusu mke, wazee wasimchongee. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inakitambua kifungo cha miaka mitano au zaidi miongoni mwa mambo ambayo mahakama huyapima inapoombwa kuvunja ndoa.

Kuhusu ardhi, msingoje. Muda wa kudai ardhi mahakamani ni miaka 12, na msitegemee kwamba kifungo kitasimamisha hesabu hiyo. Ampe ndugu mmoja hati ya uwakilishi, na mgogoro uanze kushughulikiwa mapema kwa usuluhishi wa Baraza la Kata, kisha ikibidi Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya.

Akishinda rufaa, karatasi ya kwanza kuitafuta ni nakala ya hukumu iliyothibitishwa na mahakama. Mtaani watu watasema “kasamehewa na Rais”, kumbe hayo ni mambo mawili. Msamaha wa Ibara ya 45 ya Katiba humwondolea mtu adhabu kwa huruma ya Rais. Rufaa ikikubaliwa na mtu akaachiwa huru, hatia yenyewe imefutwa. Kama mwenyewe anaridhia, mwenyekiti wa kijiji au mtaa aombwe aitangaze hukumu hiyo mkutanoni, mbele ya watu walewale waliosikia alipokamatwa.

Fidia ni habari ngumu. Kuachiwa tu hakuileti. Anayedai kwamba alishtakiwa kwa hila lazima athibitishe kuwa aliyemshtaki hakuwa na sababu ya msingi na alikuwa na nia mbaya. Akiishtaki Serikali, hutanguliza notisi ya siku 90. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu pale Arusha imewahi kuamuru wafungwa wa Tanzania walipwe, lakini tangu Novemba 2020 mtu binafsi hawezi tena kufungua huko shauri jipya dhidi ya nchi yetu moja kwa moja. Muoneni msaidizi wa kisheria, anayefanya kazi bila malipo chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, kabla hamjakopa fedha za wakili. Na chonde, bajeti ya nyumba isijengwe juu ya fidia.

Afya nayo: apimwe kifua kikuu, dawa zake hazilipiwi. Usingizi ukikataa, au akishtuka kila mlango unapogongwa, Mirembe, hospitali ya afya ya akili hapa Dodoma, ni hospitali kama nyingine, na kwenda mapema si aibu.

Limebaki la mtaji, na hapa sisi wenyewe tuna deni. Mikopo inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri ni ya vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Mwanamume aliyeingia kijana akatoka na miaka 50 hana kundi humo. Madiwani wanaweza kulisemea hili. Kwa sasa mzigo ni wa ukoo: robo eka, mbuzi wawili, mbegu za mtama kabla ya mvua za Desemba, na yeye mwenyewe aachwe achague aanze na kipi.