Stesheni ya Sigi haina dhahabu, tafadhali acheni kuchimba

Malalamiko yamezidi, kwahiyo nimeona niandike hapa badala ya kujibu simu moja moja. Watu wanaenda Sigi, stesheni ya zamani ya reli kule Amani, Muheza, usiku na majembe, wengine na mganga kabisa, wanatafuta dhahabu wanayosema Mjerumani aliificha. Jamani.

Pale ndo ilikua mwisho wa kireli kidogo kilichoanzia Tengeni, kilomita kama 23 hivi, upana wa sentimita 75 tu wakati reli kubwa ya Tanga ni mita moja. Kilijengwa kati ya 1904 na 1910 kushusha mbao za Usambara Mashariki. Mbao! Hakikujengwa kubeba dhahabu wala kuificha. Mbao zikifika Tengeni zinahamishiwa reli kubwa, ile iliyoanza kujengwa Tanga 1893, ikafika Muheza 1896, Korogwe 1902 na Moshi 1911, zinaenda zake bandarini. Kilichobaki leo ni nyumba ya stesheni masta, imekarabatiwa na iko getini mwa Hifadhi ya Amani, wageni wanapata taarifa humo.

Sasa hiyo dhahabu. Sarafu za dhahabu za rupia 15, zile zenye tembo, ziligongwa Tabora 1916, na mwaka huohuo Waingereza walikua wanaichukua Tanga, sasa nani azibebe kutoka Tabora apite katikati ya vita aje azifukie Sigi? Ukiokota kitu pale sana sana ni hela ya shaba, na neno hela lenyewe tumelitoa kwenye sarafu hiyo hiyo ya Mjerumani.

Kuna wanaosema "sheria inalinda vya kabla ya 1863, stesheni ni ya juzi, so tuko huru". Hapana. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 kweli inataja 1863 kwa vinavyolindwa moja kwa moja, ila Waziri anaweza kutangaza vya baadae, na kufukua mambo ya kale bila leseni ni kosa. Halafu mnasahau pale ni hifadhi, ilitangazwa 1997, kwahiyo hata ukute hujagusa jengo bado umechimba msitu wa hifadhi bila kibali, Sheria ya Misitu ya 2002 inakusubiri.

Ukikutana na kitu cha kale kwa bahati, labda unalima shambani kwako: usikisafishe, usikibebe, piga picha kikiwa palepale, weka alama, nenda kwa mwenyekiti wa kitongoji, yeye akupeleke kwa mtendaji wa kijiji, mtendaji aandike barua kwa afisa utamaduni wa halmashauri, na barua iwe na jina la kitongoji, tarehe na nani alikiona kwanza, halafu halmashauri ndo itawasiliana na Idara ya Mambo ya Kale. Barua bila jina la kitongoji inarudishwa, nasema mapema msije mkalalamika.

Na wa skrepa nao. Mnasema "reli imekufa", wakati treni za mizigo Tanga hadi Moshi zilirudi 2019. Ukikutwa na vipande vya reli au mataruma unaweza kushtakiwa kwa uhujumu uchumi, hilo si kosa la kulipa faini pale kituoni ukarudi nyumbani kula ugali.

Mnaotaka kuiona Sigi njooni mchana, mpitie getini.